Mabingwa wa Mkonga: Fukusi na Rekodi Zao, Kutoka Gunia la Gerezani hadi Milima ya Uluguru

Gerezani, Dar es Salaam, hakuna asiyemjua fukusi. Mama anayepepeta mchele uani anamjua. Mwenye duka la nafaka upande wa Kariakoo anamjua na hapendi atajwe mbele ya wateja. Mnunuzi anayechota konzi ya mahindi guniani, akaimwaga kiganjani na kuikodolea macho kabla ya kuuliza bei, anamtafuta yeye.

Lakini tunayemjua ni mmoja au wawili tu katika ukoo mkubwa ajabu. Wataalamu wa wadudu wamekwisha kueleza kisayansi takriban spishi 62,000 za fukusi, na wanakadiria kuwa zote kwa jumla zinaweza kufika 220,000. Wote ni mbawakawa, na wengi wao wana alama moja ya kuwatambua: kichwa kimerefuka mbele kikawa mkonga, na nchani mwa mkonga ndipo ulipo mdomo wenye meno ya kusaga. Mkonga huo si wa kunyonya. Kwa wengi ni keekee: jike hutoboa nao tundu, kisha huficha yai humo, mahali ambapo jua, mvua na adui havifiki.

Orodha hii ni ya mabingwa wa ukoo huo. Karibu kila rekodi imeanzia kwenye kiungo fulani cha mwili, na ndicho tutakachokiangalia kwanza. Baadhi ya mabingwa wako mbali sana na Dar es Salaam. Wapya kabisa wako jirani, na majina yao hayatajwi sokoni.

Anayejulikana kuliko wote: fukusi wa mahindi

Jina lake la kitaalamu ni *Sitophilus zeamais*, na alipewa mwaka 1855. Ana urefu wa milimita 2.5 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokolea, na madoa manne ya wekundu hafifu juu ya mabawa magumu. Kifua chake kimejaa vishimo vidogo vya duara. Papasi zake zimepinda kwenye kiwiko na kuishia na kirungu, na pembeni mwa mkonga kuna mfereji wa kuzilaza asizikwaruze anapotoboa. Chini ya mabawa magumu kuna mengine laini ya kurukia, ndiyo maana humfuata mkulima shambani kabla mahindi hayajavunwa. Binamu yake wa nchi za baridi, *Sitophilus granarius*, mabawa yake ya juu yameshikana na hawezi kuruka.

Ukiwa na kioo cha kukuzia unaweza kutofautisha jike na dume. Mkonga wa jike ni mrefu zaidi, mwembamba na wenye kung'aa. Wa dume ni mfupi, mnene na wenye kuparuza. Tofauti hiyo inatokana na kazi: jike hutoboa punje, hugeuka, hutaga yai moja kwenye tundu, kisha huliziba kwa ute unaoganda. Buu anayeanguliwa hana hata mguu mmoja, wala hauhitaji, maana amezaliwa ndani ya chakula. Hukulia humo, hugeuka pupa humo, na katika joto na unyevu wa pwani huibuka mkubwa baada ya wiki tano hivi. Ndiyo sababu gunia lililopita salama mbele ya macho ya mnunuzi laweza kutoa wadudu mwezi unaofuata. Kikulacho ki guniani mwako, nawe umekilipia.

Ugumu wa gamba lake una siri. Ndani ya mwili wake wanaishi bakteria waitwao *Sodalis pierantonius*, ambao humtengenezea viini vya kukomazia gamba, viini ambavyo nafaka tupu haimpi vya kutosha. Gamba likishakomaa, mdudu hupunguza bakteria hao mwenyewe.

Kumtofautisha na ndugu yake wa mchele, *Sitophilus oryzae*, kwa macho ni kubahatisha. Mtaalamu humpasua dume na kukagua kiungo chake cha uzazi: cha fukusi wa mahindi kina mifereji miwili juu, cha fukusi wa mchele ni laini. Muuza nafaka hana haja ya kufika huko. Kwake dawa ni moja kwa wote wawili: punje zikaushwe hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi, kisha zifungwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo humaliza oksijeni yao wenyewe, wakaacha kula na mwishowe wakafa.

Mwenye historia ndefu kuliko wote

Mabaki ya zamani sana ya ukoo wa fukusi yametoka kwenye miamba ya Karatau, Kazakhstan, ya zama za Jura. Ni zama zilezile za mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilichimbwa Tendaguru, Lindi. Mijusi wametoweka, mkonga upo.

Rekodi ya kuishi na binadamu ipo Japani. Mtafiti Hiroki Obata wa Chuo Kikuu cha Kumamoto alichunguza vyungu vya kale vya utamaduni wa Jomon na kukuta alama za fukusi wa mahindi zilizobaki kwenye udongo uliochomwa. Za zamani zaidi zina umri wa miaka kama 10,000. Chungu kimoja cha Hokkaido, ambacho taarifa zake zilichapishwa mwaka 2018, kilikadiriwa kuwa kilifinyangwa pamoja na fukusi wapatao 500. Wakati huo mahindi hayakuwa yametoka Amerika, na watu wa Jomon walikula njugu za miti ya msituni. Mdudu tunayemtambulisha kwa mahindi alikuwa ghalani mwa watu maelfu ya miaka kabla ya muhindi wa kwanza kufika Asia au Afrika.

Mwenye mkonga uliopita mwili

Afrika Kusini kuna mimea ya kale iitwayo saikadi, yenye mbegu zilizofichwa ndani kabisa ya koni ngumu. Jike wa *Antliarhinus zamiae* amepata njia: mkonga wake mwembamba ni mrefu kuliko mwili wake wote, na kwa kulinganisha na mwili hakuna mbawakawa anayejulikana aliyempita. Huupitisha katikati ya magamba ya koni hadi aifikie mbegu. Dume hachimbi, na mkonga wake ni wa kawaida.

New Zealand mambo yako kinyume. *Lasiorhynchus barbicornis* dume anaweza kufika sentimita 9, nusu ya urefu huo ikiwa ni kichwa na mkonga, naye huutumia kupigania majike. Madagaska yupo fukusi twiga, *Trachelophorus giraffa*, mwenye mwili mweusi na mabawa mekundu. Huyu wa Madagaska kilichorefuka ni shingo, si mkonga, na ya dume ni ndefu mara mbili hadi tatu ya ile ya jike. Jike wake hukunja jani kwa ustadi, akaacha yai moja ndani.

Mwenye nyonga ya skrubu

Rekodi hii ingewafurahisha mafundi wa Gerezani. Mwaka 2011 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, wakiongozwa na Thomas van de Kamp na Alexander Riedel, walimpiga picha za eksirei zenye nguvu kubwa fukusi mdogo wa New Guinea, *Trigonopterus oblongus*. Walipotazama nyonga walikuta kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuelezwa kwa mnyama yeyote: skrubu na nati. Gamba la nyonga lina njia za mzunguko kwa ndani, na kipande cha mguu kinachoingia humo kina njia za mzunguko kwa nje. Mguu ukisogea, unajifunga na kujifungua. Miguu ya mbele huzunguka kiasi cha nyuzi 90, ya nyuma hadi 130.

Wanyama wengi wanategemea viungo vya bawaba, au vya tufe na kikombe kama nyonga ya binadamu. Skrubu inampa fukusi huyu uthabiti akiwa amesimama juu ya majani na vijiti, na inamruhusu kuikunja miguu yote akajifunga kabisa adui anapomgusa. Mtu alidhani skrubu ni uvumbuzi wake, kumbe ilikuwa ikitembea msituni kabla yake.

Riedel anashikilia rekodi nyingine isiyo rasmi, ya kukaukiwa majina. Mwaka 2013 yeye na wenzake walieleza kwa mpigo spishi mpya 101 za *Trigonopterus* kutoka New Guinea, na baadhi ya majina waliyachukua kwenye kitabu cha simu. Mwaka 2014 waliongeza 98 kutoka visiwa vya magharibi ya hapo, na mwaka 2019 wakaongeza 103 kutoka Sulawesi, mahali ambapo kwa miaka zaidi ya 130 ilijulikana spishi moja tu.

Mwenye rangi isiyopauka

Kitenge cha Mtaa wa Kongo hupauka kwa sababu rangi yake ni dawa, na dawa hufifishwa na jua na sabuni. Kijani cha *Lamprocyphus augustus* wa Brazili hakina dawa. Magamba yake madogo yamejengwa kwa mpangilio wa chembe zinazofuata umbo lilelile la fuwele ya almasi, na mpangilio huo huirudisha nuru ya kijani peke yake, kutoka pande zote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipoueleza mwaka 2008 wataalamu wa nuru walishtuka, maana walikuwa wamehangaika miaka mingi kuutengeneza maabara.

Mwenzake wa New Guinea, jenasi ya *Gymnopholus*, amechagua pambo jingine. Mgongo wake una mashimo na vinyweleo vinavyoshika kuvumwani na kuvu. Hutembea taratibu na kuishi muda mrefu, na wakubwa wao hubeba mgongoni kichaka kidogo chenye wadudu wengine wakaazi.

Mnywaji kahawa asiye na mpinzani

Wazee wa kijiweni wanaokunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu kwa kashata wasijisifu. *Hypothenemus hampei*, mdudu mweusi asiyefika milimita 2, anaishi ndani ya buni. Hana mkonga wa kutajika, lakini wataalamu siku hizi wamemweka katika familia ya fukusi. Alielezwa mwaka 1867 kutokana na kahawa ya biashara iliyofika Ulaya, na asili yake ni Afrika.

Kafeini ni sumu kwa wadudu wengi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ndani ya utumbo wa mdudu huyu wamo bakteria, akiwemo *Pseudomonas fulva*, wanaoivunjavunja kafeini kabla haijamdhuru. Bakteria hao wakiuawa kwa dawa, mdudu hushindwa kuimeng'enya na uzazi wake huporomoka. Madume hawaruki wala hawatoki nje. Huzaliwa ndani ya punje, hupanda dada zao, hufa humohumo. Majike waliokwisha kupandwa ndio wanaotoka kutafuta punje nyingine.

Mwenye malkia

Mchwa na nyuki wana malkia. Mbawakawa hawakudhaniwa kuwa naye hadi mwaka 1992, walipochunguzwa *Austroplatypus incompertus* wa mashariki ya Australia, nao wa familia hiyohiyo ya fukusi. Jike mmoja hutaga ndani ya kiini cha mti wa mkaratusi ulio hai, na binti zake wasiozaa hulinda njia na kulisha ndugu zao kwa kuvu wanaopandwa kwenye kuta za mahandaki.

Kibarua aliyeleta faida kubwa kuliko wote

Mawese ya Kigoma yanayouzwa Kariakoo yametoka kwenye mti wenye maua ya kiume na ya kike yaliyo mbalimbali, na chavua lazima ibebwe. Wamalaysia walipopanda michikichi yao walisahau mbebaji. Kwa miongo kadhaa mashamba yao yaliajiri vibarua wa kupuliza chavua kwa mkono, ua kwa ua.

Leslie Davidson wa kampuni ya Unilever, aliyewahi kufanya kazi Kameruni, alishuku kuwa Afrika kazi hiyo hufanywa na mdudu. Mtaalamu wa Kipakistani, Rahman Syed, alitumwa Kameruni na kumthibitisha: *Elaeidobius kamerunicus*, fukusi wa milimita chache anayekula na kuzaliana kwenye maua ya kiume, na kuvutwa na harufu ya ua la kike linapofunguka. Mwili wake wenye vinyweleo hujaa chavua. Mwaka 1981 aliachiwa kwenye mashamba ya Malaysia. Muda si mrefu upulizaji wa mkono ulikoma, na mavuno yakapanda. Sehemu kubwa ya mafuta ya mawese duniani leo inategemea uzao wa mdudu aliyetoka Afrika asiyedai mshahara.

Mfyekaji wa magugu

Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji kutoka Amerika Kusini lilitanda Ziwa Victoria. Mitumbwi ilikwama, bandari zikazibwa, mitambo ya maji na umeme ikasakamwa. Mapanga na mashine vilishindwa. Ndipo wakaletwa fukusi wawili wa kwao gugu hilo, *Neochetina eichhorniae* na *Neochetina bruchi*. Uganda iliwaachia kuanzia mwishoni mwa 1995, Kenya na Tanzania wakafuata mwaka 1997. Wakubwa hukwangua majani usiku na kuacha makovu ya mraba. Mabuu huchimba mashina hadi mmea unajaa maji na kuzama.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 gugu lilikuwa limepungua mno. Wapo wataalamu wanaosema mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997/98 yalisaidia kazi hiyo, na mabishano hayajaisha. Gugu nalo hurudi kila mito inapoleta mbolea na majitaka. Fukusi bado wamo ziwani, wakila.

Mharibifu wa kwanza kujengewa sanamu

Mji wa Enterprise, Alabama, Marekani, una sanamu ya mwanamke aliyemnyanyua fukusi juu ya kichwa. Ilizinduliwa Desemba 1919 kwa heshima ya *Anthonomus grandis*, fukusi wa pamba aliyevuka kutoka Mexico mwaka 1892 na kuwafilisi wakulima. Sababu ya heshima ni kwamba hasara iliwalazimisha kuacha kutegemea pamba peke yake. Walihamia karanga, wakatajirika. Sanamu ilipozinduliwa haikuwa na mdudu. Alipachikwa mwaka 1949. Miaka hiyohiyo Kongwa na Nachingwea mpango wa karanga wa Waingereza ulikuwa ukizama na mamilioni ya pauni, na wala hakuwapo fukusi wa kusingiziwa. Fukusi huyu wa pamba hadi leo amebaki katika Amerika, hajafika kwa wakulima wa Shinyanga na Simiyu.

Mvamizi wa mitende

Ndugu zetu wa Oman, tangu Maskati hadi Nizwa, wanamjua kwa machungu *Rhynchophorus ferrugineus*, fukusi mwekundu wa mitende. Asili yake ni kusini mwa Asia. Aliingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980 na kugunduliwa Oman mwaka 1993, akisafirishwa na miche ya biashara. Mabuu wake hula moyo wa mtende kwa ndani, na mti huonekana mzima hadi unapoanguka. Kwa hiyo vita dhidi yake ni ya masikio: vipo vifaa vya kusikiliza mabuu wakitafuna, na Saudi Arabia zimejaribiwa nyaya za nuru zinazozungushiwa vigogo ili zinase mtetemo huo.

Jamaa yake wa Afrika, *Rhynchophorus phoenicis*, naye huharibu michikichi na minazi, lakini Kongo wanalipiza kisasi. Mabuu wake wanono huuzwa sokoni na kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na Kinshasa wanaitwa mpose.

Mstahimilivu kuliko wote

Fukusi wa migomba, *Cosmopolites sordidus*, huishi miaka miwili na zaidi. Ana mabawa lakini ni nadra kuruka. Hutembea usiku, na ukimgusa hujifanya maiti. Ameenea kutoka Asia ya Kusini-Mashariki hadi Kagera na Kilimanjaro akiwa amebebwa na binadamu ndani ya machipukizi ya kupandia. Dawa rahisi ipo: menya chipukizi, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, ndipo upande.

Wa viazi vitamu, jenasi ya *Cylas*, ana kiuno chembamba na miguu mirefu hadi hudhaniwa sisimizi. Hana uwezo wa kuchimba udongo, hungoja ardhi ipasuke kwa kiangazi ndipo ashuke. Kiazi kilichoguswa hujitetea kwa kutengeneza sumu chungu, na tundu moja latosha kuharibu ladha ya kiazi kizima. Mkulima anayepandishia udongo kwenye matuta amemfungia mlango.

Wanaosingiziwa kuliko wote

Sokoni kila mdudu wa nafaka huitwa fukusi. Yule wa kunde na maharage hana mkonga, mwili wake ni mfupi na mnene, na undugu wake ni na mbawakawa wanaokula majani. Dumuzi wa mahindi naye, *Prostephanus truncatus*, ni wa ukoo wa watoboa mbao: kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, hakionekani ukimtazama kwa juu. Alitoka Mexico na Amerika ya Kati, na mara ya kwanza kuonekana Afrika ilikuwa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima walivyoona kasi yake ya kugeuza mahindi kuwa unga wakampachika jina la lori, Skania. Kuwatofautisha kuna faida mfukoni, kwa kuwa dawa inayomuua fukusi wa kweli vizuri huenda isimtoshe dumuzi.

Wapya wa nyumbani: watatu wa Milima ya Tao la Mashariki

Mwaka 2017 Vasily Grebennikov, mtaalamu wa mbawakawa wa Wakala wa Ukaguzi wa Chakula wa Kanada, alichapisha maelezo ya jenasi mpya kabisa ya fukusi kutoka misitu ya Tanzania. Aliiita *Lupangus*, kwa kufuatisha Lupanga, kilele cha Uluguru kinachoutazama mji wa Morogoro kutoka zaidi ya mita 2,100. Spishi zake ni tatu, zilizopewa majina ya mabaharia wa hadithi za Kigiriki: *Lupangus asterius* wa Usambara Mashariki, *Lupangus jason* wa Uluguru na *Lupangus orpheus* wa Udzungwa. Miaka miwili kabla, mtafiti huyohuyo alikuwa ameripoti spishi mpya nne za jenasi *Paocryptorrhinus*, nazo za Tanzania.

Jambo kuu katika mwili wa *Lupangus* ni kile kisichokuwapo: hawa hawaruki. Wadudu wa sakafu ya msitu ambako hali ya hewa haijabadilika sana kwa muda mrefu hawana faida ya mabawa, na kizazi baada ya kizazi mabawa ya ndani hupotea. Lakini asiyeruka hawezi kuvuka mbuga kavu iliyo kati ya mlima na mlima. Kila mlima wa Tao hilo, linaloanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, umekuwa kisiwa chake, na kila kisiwa kimebaki na fukusi wake.

Kumweleza mdudu wa namna hii ni kazi ya subira. Majani makavu ya msituni huchekechwa, kinachodondoka huachwa wadudu wajitoe wenyewe, kisha huhifadhiwa kwenye pombe kali. Maabara hupimwa urefu wa mkonga, pale papasi zinapoanzia, vishimo vya kifua, mistari ya mabawa magumu, miiba na kucha za miguu. Dume hupasuliwa, kwa kuwa kiungo cha uzazi hutofautisha ndugu wanaofanana kwa nje, kama tulivyoona kwa wale wa mahindi na mchele. Mwishowe husomwa kipande cha vinasaba na kulinganishwa na vya wengine, ili ijulikane nani ni ndugu wa nani na walitengana kwa mpangilio gani. Mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo, na jina hufungwa kwake daima.

Misitu hiyo ya Uluguru ndiyo chanzo cha maji ya Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoyajaza mabomba ya Dar es Salaam. Anayefungua bomba Gerezani anatumia maji ya msitu uleule unaomhifadhi *Lupangus jason*, fukusi ambaye hajala punje yake hata moja.

Rekodi iliyo wazi

Ukichukua makadirio ya spishi 220,000 na kutoa 62,000 zilizokwisha kuelezwa, zaidi ya theluthi mbili ya fukusi wote hawana majina. Tumewajua kwanza wale wanaotutia hasara, kwa sababu hasara ina mlipaji. Lakini waliomaliza upulizaji wa chavua Malaysia na waliopunguza gugu Ziwa Victoria walitoka kwenye kundi la wale wasiojulikana sokoni. Wangebaki bila majina, hakuna ambaye angejua amtafute nani na wapi.

Kwa hiyo nafasi ya mgunduzi anayefuata haijajazwa, na mahitaji yake yanafahamika. Kibali cha utafiti huombwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, cha kuingia hifadhi ya Uluguru huombwa Wakala wa Huduma za Misitu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya mlima huohuo. Chekeche linapatikana Kariakoo. Treni ya umeme inaondoka stesheni isiyo mbali na Gerezani na kufika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, labda pungufu ya muda ambao gunia la mahindi hutumia kwenye foleni ya kuingia mjini.